Vitu Viwili Vikienda Pamoja

Mwaka 1952 homa kali iliingia katika uwanda wa Makonde. Watu walijikunja kwa maumivu ya viungo, na jina lake, chikungunya, limetoka katika Kimakonde kwa sababu hiyo. Homa inapoangusha nyumba mbili za jirani kwa pamoja, sisi wa Chidya na Newala tunalijua swali linalofuata msibani: ni nani aliyeituma?

Madaktari Marion Robinson na W. H. R. Lumsden, walioandika habari zake mwaka 1955, walitazama mitungi. Maji kule juu ni ya shida. Yaliyochotwa mbali yalihifadhiwa nyumbani, na humo mbu walizaliana. Nyumba mbili ziliugua pamoja, lakini hakuna iliyoiroga nyingine. Sababu ilikuwa moja, nyuma ya zote mbili. Mwanafalsafa Hans Reichenbach aliifanya kanuni mwaka 1956: mambo yakienda pamoja kupita bahati nasibu, ama moja limesababisha jingine, ama yote yana chanzo kimoja. Kanuni hii ni ngao ya kikongwe asiye na mtetezi.

Lakini kanuni hii nayo imekuta jambo linaloisumbua. Chembe mbili za mwanga zilizotoka pamoja hupimwa mbalimbali, na majibu yake hupatana. Tungedhani zilipewa maagizo tangu mwanzo, kama mapacha waliofundwa na mama mmoja. Mwaka 1964 John Bell, mzaliwa wa Belfast, alionyesha kwamba kama ndivyo, na kama kipimo cha hapa hakigusi cha kule, kupatana huko kuna mpaka. Katika hesabu moja iliyotokana na kazi yake mpaka ni 2. Vipimo huuvuka, vikikaribia 2.83. Clauser, Aspect na Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2022 kwa majaribio hayo. Maelezo yake wataalamu bado wanabishania.

Wapo watakaoshangilia kwamba sayansi imethibitisha maombi ya mbali, na mganga atasema imethibitisha uchawi wa mbali. Wote wawili wanakosea: kwa njia hiyo huwezi kupeleka hata salamu. Na hata sababu isipojulikana, kutojua huko si ushahidi dhidi ya jirani. Wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, Bwana Yesu alikataa kuwahesabu kuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Mnara uliangukaje, hakusema.