Nyayo Zinapofika Namugongo

Hija ya kwanza ya kwenda Namugongo, Uganda, ilitembewa na watu waliofungwa kamba. Ilikuwa Mei 1886. Vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, walihukumiwa Munyonyo, kando ya Ziwa Viktoria, kwa sababu walikataa kuiacha imani yao ya Kikristo, wakaswagwa kuelekea mahali pa kuuawa. Baadhi yao waliuawa njiani. Waliofika waliwekwa kifungoni siku kadhaa, kuni zikikusanywa, na tarehe 3 Juni wakachomwa moto. Karoli Lwanga, kiongozi wao, alitengwa na wenzake, akachomwa polepole kuanzia miguuni.

Kuanzia miguuni. Hujaji aliyetembea kutoka Mbarara, Fort Portal, au ng'ambo ya mpaka wa Kenya kupitia Malaba, husimama mahali hapo akiwa na malengelenge yaliyopasuka, akakumbuka habari hiyo. Wengi walioimba njia nzima hapo hunyamaza. Wapo wanaopiga magoti, wapo wanaolala kifudifudi kwenye nyasi, na wapo wanaocheka huku machozi yakiwatiririka bila wao kujua wanalia nini.

Machozi hayo nayo ni kazi ya Muumba. Juu ya kila jicho ameweka tezi ndogo ambayo moshi na kitunguu huiamsha, lakini huamshwa pia na furaha, huzuni na shukrani. Kwa kadiri wataalamu wajuavyo, hakuna mnyama mwingine anayetokwa na machozi kwa sababu ya yaliyomo moyoni mwake.

Na tutazame kilichomfikisha hujaji hapo. Unyayo mmoja wa binadamu una mifupa 26. Nyayo mbili zina 52, yaani robo ya mifupa yote ya mtu mzima. Upinde wa unyayo hubonyea kidogo uzito unapoushukia, kisha hujirudisha. Kano nene iliyo nyuma ya kisigino hunyooka, ikahifadhi nguvu, ikaitoa tena mguu unapojisukuma mbele. Ngozi ya unyayo ni miongoni mwa ngozi nene kuliko zote mwilini, na kadiri inavyosuguliwa ndivyo inavyozidi kuwa nene. Kiatu huchakaa kwa kutembea; unyayo hukomaa. Huko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1978 kundi la watafiti la Mary Leakey lilianza kufukua nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya majivu ya volkano miaka takribani milioni 3.6 iliyopita. Alama za kisigino na za kidole gumba bado zinaonekana. Kutembea ni kazi ya kale sana, na mwili unaijua kuliko sisi tunavyodhani.

Kinachowashangaza mahujaji ni kinachofuata. Misa imekwisha, maji ya ziwa dogo la Namugongo yamechotwa kwenye madumu ya kupeleka nyumbani, na ghafla moyo unakuwa mtupu. Mtu alitamani kufika, naye amefika, lakini anatamani kesho alfajiri aamshwe tena kwa wimbo aendelee na safari. Anawaangalia wenzake waliogawana naye miwa na kivuli karibu na msitu wa Mabira, akijua kwamba jioni hii kila mmoja atapanda basi lake. Wataalamu wa ubongo husema kwamba dopamini, kemikali inayotusukuma kutafuta, hufanya kazi zaidi tunapolikaribia lengo kuliko tunapokuwa tumelishika. Mimi nakubali. Ila sioni kwamba maelezo hayo yanamwondoa Mungu, bali yanaonyesha alivyotuumba. Angetaka, angetufanya viumbe wa kushiba mara moja na kutulia. Badala yake alitupa kiu inayobaki hata baada ya kufika mahali patakatifu, na kwa maoni yangu utupu ule ni sehemu ya hija kama yalivyo malengelenge.

Siwadharau wanaokwenda kwa basi. Bibi mwenye magoti mabovu ana haki ya kusali Namugongo kama kijana yeyote. Wakatoliki na Waanglikana, kila kanisa lina mahali pake pa ibada hapo, na kila tarehe 3 Juni watu ni wengi kuliko macho yanavyoweza kuhesabu. Lakini aliyetembea hufika kwa namna nyingine. Mwili wake wote umekuwa sala, na sala hiyo haikatiki mara tu miguu inaposimama.

Barabara wanazopita ni zilezile za malori ya mizigo, nyembamba, na vikundi vingine huanza safari kabla ya mapambazuko. Basi mwishoni mwa Mei, ukiendesha gari kutoka Malaba, Masaka au Mityana ukawakuta wamebeba rozari na vifurushi vyao, punguza mwendo. Na kama una maji, simama uwape.