Kuwekea Mutu Nafasi: Ni Haki ao Upendeleo?



Kuna ulizo moja linaloleta mabishano mengi katika inchi yetu: nafasi za masomo na za kazi zikiwa chache, je, ni haki kuwekea wanawake sehemu yao? Wamoja wanasema ndiyo. Wengine wanajibu: kazi ipewe yule anayeiweza, akiwa mwanaume ao mwanamuke.

Tusiwacheke hawa wa pili. Kijana ambaye wazazi wake waliuza mbuzi ili alipe minervali, akinyimwa kazi kwa sababu tu ni mwanaume, ataumia kweli. Yeye mwenyewe hakumunyima dada yake kitu.

Lakini tuangalie pale tulipotoka. Wakati wa Wabelgiji, wasichana waliofika masomoni walifundishwa zaidi kushona, kupika na kutunza nyumba. Univerisite ya Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954. Mwanamuke wa kwanza wa Kongo kupata diploma ya univerisite, Mama Sophie Kanza, aliipata mwaka 1964, na mwaka 1966 akawa waziri, mwanamuke wa kwanza tena. Akili haikukosekana, mulango ndio ulifungwa. Tena, Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilidai muke aombe ruhusa ya mume wake mbele ya kujifunga kwa mapatano ya kisheria. Ilibadilishwa mwaka 2016 tu.

Ndiyo sababu Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 14, inaahidi parite, maana yake usawa kati ya wanaume na wanawake katika vyombo vya inchi, na sheria ya mwaka 2015 ikaeleza namna ya kuutimiza. Mwaka 2024 Mama Judith Suminwa Tuluka akawa mwanamuke wa kwanza kuwa waziri mukuu. Tunafurahi. Lakini kiti kimoja kule Kinshasa hakimurudishi masomoni binti aliyebaki shambani.

Sasa tuseme wazi: nafasi za pekee hazikuanza na Katiba. Zilianza nyumbani mwetu. Feza zikipunguka, ni nani anayebaki masomoni? Ni mutoto mwanaume. Huo nao ni upendeleo, ila haukuandikwa po pote, na hakuna aliyeulalamikia. Binti za Selofehadi walipoomba uriti wa baba yao, hawakuomba sadaka. Waliambiwa kwamba wanasema haki. Kumulipa mutu deni si kumupendelea.

Hata hivyo deni lilipwe vizuri. Nafasi iliyowekwa kwa wanawake ipewe mwanamuke anayeiweza kazi, si dada wa mukubwa wala rafiki yake wa siri. Zaidi ya hayo, deni la wababu lisibebeshwe kijana mumoja siku anapotafuta kazi. Tulilipe mapema, wakati mutoto angali mudogo. Masomo ya musingi ya serikali hayalipiwi tangu mwaka 2019, lakini sekondari inalipiwa, na ni pale binti zetu wengi wanapoachwa njiani.

Basi mwezi wa tisa unapokaribia, kila baba na mama wahesabu feza zao pamoja. Kama hazitoshi wote wawili, wasikate neno kwa kuangalia ni nani mwanaume. Tukifanya hivyo miaka mingi, watoto wa watoto wetu hawatahitaji tena sheria ya kuwawekea nafasi.