Tunamcheka nani?



Wengi wetu tuliozoea mabanda ya video tunaikumbuka filamu ya The Gods Must Be Crazy. Rubani anatupa chupa ya soda, inaangukia jangwa la Kalahari, Wasani wanadhani ni zawadi ya miungu. Wanapoanza kuigombania, mmoja wao anafunga safari akaitupe mwisho wa dunia. Mtengenezaji alitaka kuwakejeli wanaojiita wastaarabu. Lakini tuseme kweli: ukumbi mzima ulikuwa unamcheka Msani.

Filamu hiyo ilitengenezwa mwaka 1980 katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na nje ikanadiwa kama ya Botswana. Wakati huo Wasani wengi walikwisha kupoteza ardhi yao, na huko Namibia Makaburu walikuwa wakiwaingiza jeshini. Mtu aliyedhulumiwa akaonyeshwa kama mtoto mwenye furaha, asiyejua lolote. Kicheko kikafunika dhulma.

Hayo ni ya mbali. Tuje nyumbani. Kijana mmoja wa Ipililo, wilayani Maswa, aliniambia baada ya swala ya Isha kwamba amechoka. Kila mchekeshaji anayetaka kuigiza mshamba humpa lafudhi ya Kisukuma. Hata msikitini wapo wanaomwigiza anavyotamka. Nikamhurumia. Kisha nikamuuliza kuhusu Watindiga wa Meatu, wilaya jirani na kwao. Akacheka mwenyewe: "Aa, wale ni kama wa kwenye ile filamu!"

Hapo ndipo penye somo. Anayedharauliwa naye hutafuta wa chini yake wa kumdharau. Ndivyo tunavyomwigiza Mhindi aliyezaliwa hapa hapa, kana kwamba jana ndiyo kashuka melini. Oktoba 1961 Mwalimu Nyerere alikataa bungeni uraia wa Tanganyika upimwe kwa rangi. Sheria ikakubali, vicheko vyetu bado vinapima.

Atasema mtu: huo ni utani tu, na Msukuma na Mzaramo ni watani. Sawa, lakini utani una adabu zake. Mtani hukutania ukiwepo, nawe unamjibu, na siku ya msiba yuko mlangoni kwako anashika jembe. Filamu haijibiwi wala haiendi kuzika mtu.

Nasi Waislamu tuna hoja zaidi. Surat al-Hujurat, aya ya 11, inakataza watu kuwadharau watu, maana huenda wanaodharauliwa ni bora kuliko wao. Na aya ya 13 inaeleza kuwa makabila yamewekwa tujuane. Sahaba Abu Dharr (r.a.) alipomtusi mtu kwa sababu ya mama yake, Mtume (s.a.w.) alimwambia wazi kuwa ndani yake bado mna ujahili. Kama Abu Dharr aliambiwa hivyo, sisi ni nani?

Septemba 2005 gazeti moja la Denmark lilipochapisha vikatuni vya kumdhihaki Mtume wetu (s.a.w.), tuliambiwa ni utani tu. Tulikataa, na tulikuwa na haki. Basi tusimpe Mtindiga jibu tulilolikataa wenyewe.

Kucheka si haramu. Ila kabla hujacheka, jiulize: huyu ninayemcheka angekuwa ameketi hapa kando yangu, angecheka nami?

Wabillahi tawfiq.