Mshubiri Kando ya Majani Chai

Januari, mvua ikipotea kwenye mashamba ya chai ya Boito, michai hupunguza machipukizi na wachumaji hurudi na vikapu vyepesi. Mshubiri uliopandwa ukingoni mwa shamba hautikisiki. Umeweka maji yake kwenye majani manene, na chozi huja kufyonza asali ya maua yake mekundu.

Wakalenjin huuita tangaratwet. Ni mmea wa kwetu, na uliwahi kuponea chupuchupu: utomvu wake mchungu ulitafutwa sana na wafanyabiashara, mishubiri ya porini ikakatwa ovyo, hata mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi akapiga marufuku kuivuna. Kung'oa mche wa porini, basi, si njia ya kuupata. Njia ni mbegu.

Mbegu yenyewe ni nyeusi, nyembamba, yenye utando pembeni unaoiwezesha kupeperuka. Tumba la mbegu likikauka na kuanza kupasuka, livunwe upesi kabla ya upepo. Mishubiri mingi haijichavushi yenyewe, kwa hiyo ipandwe angalau miwili ya aina moja.

Udongo mwekundu wa Boito hushika maji mno kwa kuotesha mbegu hizi. Uchanganywe na mchanga mwingi na kokoto ndogo. Mbegu hufunikwa kidogo tu, zikawekwa penye joto na mwanga. Baada ya wiki chache miche huchungulia, midogo kama majani ya nyasi, na hapo ndipo wengi huiua kwa kuimwagilia kupita kiasi.

Maua yatachukua miaka kadhaa. Mwenye nafasi kando ya michai aanze msimu huu.