Mchovya Asali Hachovyi Mara Moja

Ziweke methali mbili pamoja. Moja husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nyingine, mchovya asali hachovyi mara moja. Zote zinamhusu mtu aliyelijua jambo kwa mwili wake mwenyewe, wala hakusimuliwa. Tofauti ni kwamba nyoka hufundisha mara moja, na somo likadumu hadi uzeeni. Asali haifundishi hivyo. Aliyeionja jana, leo hana kilichobaki ulimini. Anakumbuka kwamba ilikuwa tamu, ila kuukumbuka utamu na kuuonja ni mambo mawili.

Hapo ndipo ninapokiona kiini cha methali hii, ingawa matumizi yake ya kila siku yamekwenda upande mwingine. Mitaani hutumika kusuta: mume aliyerudi kwa hawara, mtunza fedha aliyekwisha kuugusa mfuko wa chama, mkubwa aliyemaliza muda wake na bado analizunguka jengo. Tunaitamka kwa kupinda mdomo, kana kwamba kosa ni la asali. Methali yenyewe haikatazi kitu. Inaeleza tu jinsi tulivyo.

Na jinsi tulivyo, mfungaji wa Ramadhani anaijua vizuri. Adhana ya magharibi inaadhiniwa, tende ya kwanza inaingia kinywani: ganda linapasuka, nyama inayeyuka kwenye ufizi, utamu unamsisimua hadi masikioni. Ya pili ni tamu bado. Ya tatu huliwa macho yakiwa tayari kwenye uji na mbaazi, na mkono unarudi sahanini kabla kokwa halijatemwa. Tende hazikubadilika. Ulimi huzoea upesi ladha inayorudiwa, na mlaji naye ameshaondoka pale alipo, amebaki mkono wake tu. Basi mkono unazidisha ili kufidia kile ambacho ulimi umeacha kukihisi. Uroho mwingi, nadhani, huanzia hapo. Tunadhani mroho anapenda chakula kupita kiasi, kumbe ameacha kukionja. (Siku hizi simu iliyosimamishwa kando ya sahani imeirahisisha sana kazi hiyo.)

Lakini iko namna nyingine ya kuchovya tena. Asali hufuata maua. Mzinga uleule, msimu ukigeuka na miti mingine ikichanua, hutoa asali ya rangi na ladha nyingine. Asali ya misitu ya miombo ya Tabora ina ladha yake. Ya nyuki wadogo wasiouma ni nyepesi, ina uchachu, na wengi huiweka ndani kama dawa. Mtu aliyechovya mara moja akasema asali anaijua, amelijua jina. Anayerudi kwa makini hafuati utamu uleule wa jana. Anakwenda kuonja kile kilichomo chunguni leo, ambacho huenda hajawahi kukutana nacho. Huyu naye hachovyi mara moja, na sioni kwa nini asutwe. Methali imewabeba wote wawili kwa maneno yaleyale, na kwa macho huwezi kuwatenganisha, kwa kuwa vidole vyao vinaingia chungu kimoja.

Watu wa pwani, hata pasipo kuitaja methali, wana desturi inayoijibu. Kahawa ya barazani hunywewa chungu, bila sukari, katika kikombe kidogo kisicho na mkono, na kando yake pana kashata au halua. Asiyezoea huona anaadhibiwa. Kumbe ule uchungu unausafisha ulimi, na mmego unaofuata wa kashata unakuja na utamu wake wote, karibu kama wa kwanza. Ndiyo maana mzee anaweza kukaa na kipande kimoja tangu baada ya alasiri, akikimega kidogo kidogo hadi mazungumzo yaishe. Mgeni aliyekitafuna chake kwa mkupuo, kisha akaomba sukari ya kutia kwenye kahawa, ataletewa kwa adabu zote, na wenzake watarudi kwenye habari za mpira.