Silaha ya Kulinda Nyumba

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ndugu yetu mmoja wa darsa, mfanyaji biashara ambaye wevi wamemvunjia mlango mara mbili, alituuliza swali. Amekwisha kupata cheti cha serikali, ambacho bila yake sheria ya Kenya, Sura ya 114, haimruhusu raia kuwa na bunduki wala risasi. Je, anunue bastola au bunduki ya marisau? Baadhi ya waliohudhuria walicheka. Sisi twaona kuwa hilo ni swali la darsani khasa, kwani ndani yake mna roho za watu.

Asili ya jambo ni halali. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba mtu alimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, khabari ya anayemjia kumnyang'anya mali yake. Akaambiwa asimpe, na akipigwa vita naye apigane, na akiuawa basi yeye ni shahidi. Kwa hiyo asidhani mtu kuwa ucha Mungu ni kujikunyata mvunguni huku mwivi akibeba masanduku, au kutundika hirizi juu ya mlango na kulala fofofo. Lakini katika mapokezi ya Nasai, kabla ya kupigana, mwulizaji aliamrishwa amkumbushe Mungu yule mnyang'anyi, kisha atake msaada wa Waislamu walio karibu, kisha wa mtawala. Juu ya msingi huo Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj kuwa anayeondoka kwa ukelele hapigwi, na anayeondoka kwa mkono hapigwi fimbo.

Sasa bunduki haina daraja hizo. Nabii Musa, kama itujuzavyo Suratul Qasas, alipiga ngumi moja tu kumwokoa mtu wake, na aliyepigwa akafa. Naye Musa akamwomba Mola wake maghufira. Ikiwa hiyo ni ngumi, risasi je?

Bastola sifa yake ni wepesi: hushikwa kwa mkono mmoja, na wa pili ukapiga simu polisi. Lakini wepesi huo huo ndio ubaya wake, kwani mtoto aweza kuiinua, na mwenye huzuni huiona karibu usiku. Risasi yake hupenya mlango wa mbao na kuta nyembamba, wala haiulizi nani amelala upande wa pili. Bunduki ya marisau ni ndefu, yataka mikono miwili, na marisau madogo ya kupigia ndege hupoteza nguvu upesi yapitapo ukutani. Hata hivyo kwa karibu huua, na katika ujia mwembamba mtutu mrefu hushikika na adui.

Tarehe 14 Februari 2013, usiku, mjini Pretoria, mwanariadha Oscar Pistorius alipiga risasi nne kwa bastola kupitia mlango wa choo uliofungwa. Alisema alidhani ni mwivi. Aliyekuwamo ni mpenzi wake, Reeva Steenkamp, akafa. Mwaka 2015 mahakama ya rufani ilimtia hatiani kwa kuua, ikisema kuwa hata kama hakumjua aliyekuwamo, alijua kuwa risasi zile zaweza kumwua. Na uchunguzi wa Kellermann na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 1993, ulikuta kuwa hatari ya mtu kuuawa nyumbani ilikuwa karibu mara 3 palipokuwa na bunduki, na wengi waliuawa na jamaa au mtu wanayejuana naye.

Basi tulimjibu: tengeneza komeo la chuma na taa ya nje, agana na majirani mwito wa usiku, fuga mbwa wa ulinzi, ambaye wanavyuoni wengi wamemruhusu kwa kumlinganisha na mbwa wa mifugo (najua wako watakaonuna). Ukishindwa na hayo, iwe ya marisau, ikae ndani ya kasha la chuma bila ya risasi, ufunguo uwe nawe. Wala usiitoe kabla hujawahesabu watu wako wote, wala usipige mlango au kivuli.

Tukamwuliza nyumbani mwake mna watu wangapi. Akasema saba, na mmoja ni kijana ambaye hurudi usiku wa manane akapitia dirisha la jikoni ili baba asijue. Alipokwisha kusema hayo akanyamaza kitambo. Cheti bado anacho. Fundi wa komeo alianza kazi Jumatatu.