Alilia Mara Moja?

Mama wa mtoto aliyechelewa kukaa, kutembea au kusema anaulizwa swali hili kila anapokwenda: "Alipozaliwa, alilia mara moja?" Daktari anauliza, mwalimu wa chekechea anauliza, hata wifi. Kwa daktari lina kazi yake, kwa sababu mtoto aliyezaliwa "amechoka", kama wanavyosema wodini, huenda ubongo wake ulikosa oksijeni. Lakini likitoka nje ya chumba cha daktari, swali lilelile huwa linatafuta wa kulaumiwa.

Ni swali la siku nyingi. Mwaka 1861, daktari wa London aitwaye William John Little aliwaeleza wenzake kwamba uzazi mgumu na mtoto kukosa hewa vinaweza kuacha viungo vimekakamaa maisha yote. Mwaka 1897 Sigmund Freud, ambaye wakati huo alijulikana zaidi kama daktari wa mishipa ya fahamu, alipinga: huenda uzazi mgumu wenyewe ni dalili ya jambo lililoanza tumboni. Little anatupa dakika na chumba cha kujifungulia. Freud anatunyang'anya vyote viwili. Utafiti wa baadaye, hasa katika nchi tajiri, umempa Freud haki kwa sehemu kubwa: wengi wenye mtindio wa ubongo hawakudhurika wakati wa kuzaliwa.

Tatizo ni kwamba lawama zetu hufuata saa ya ukutani. Dakika tano bila hewa zina mwanzo, zina mwisho, zina watu waliokuwepo chumbani. Miezi tisa ya damu pungufu haina tukio lolote la kusimulia. Lakini oksijeni hubebwa na chembe nyekundu za damu, na chembe hizo haziwezi kutengenezwa vizuri bila madini ya chuma. Tena, madini hayo yakiwa haba, mwili wa kichanga huyapeleka kwanza kwenye damu, na ubongo husubiri. Maana yake ni kwamba ubongo unaweza kupungukiwa kabla kipimo cha damu hakijaonyesha lolote. Nilipolisoma hili mara ya kwanza niliweka kitabu chini kwa muda.

Huko Costa Rica, Betsy Lozoff na wenzake waliwafuatilia watoto waliokuwa na upungufu mkubwa wa madini ya chuma wakiwa wachanga. Walitibiwa, damu ikarudi. Zaidi ya miaka 10 baadaye bado walikuwa nyuma ya wenzao katika vipimo vya akili, na pengo lilikuwa pana zaidi kwa waliotoka familia maskini. Nani ashtakiwe hapo? Hakuna mtu aliyechelewa kufika. Katika sehemu nyingi za dunia utakuta mboga zilezile kila siku, malaria, minyoo, mimba zilizofuatana, na vidonge vya kuongeza damu vinavyochafua tumbo hadi mama anaviacha, kisha anaitwa mkaidi.

Shangazi yangu ameulizwa lile swali mara nyingi mno, siku hizi hujibu kabla hajaulizwa: "Huyu alichelewa kulia." Halafu hunyamaza, kama shahidi aliyejitia hatiani mwenyewe. Hajawahi kuulizwa damu yake ilikuwa ngapi wakati wa mimba ile. Ilikuwa 7, anaikumbuka. Kwa mjamzito, chini ya 11 tayari ni upungufu.

Rafiki yangu wa darasani hakubaliani nami. Anasema nikiigawa lawama kati ya mbu, minyoo na umaskini, mkunga aliyelala zamu anapona. Ana hoja. Hospitali 8 za Tanzania zilipofundisha wahudumu kumsaidia mtoto kupumua ndani ya dakika ya kwanza, ripoti ya 2013 ilionyesha vifo vya ndani ya saa 24 vilipungua kwa asilimia 47. Kwa hiyo dakika zina wenyewe, na wenyewe wawajibike. Ninachokataa ni dhana iliyojificha nyuma ya hoja yake, kwamba mtoto huanza kutudai pale tu tunapompata mwenye kosa.

Kisiwani Kauai, Hawaii, Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955 hadi utu uzima. Ukiacha wale walioumia vibaya sana, waliozaliwa kwa shida wakakulia katika nyumba tulivu walikaribiana na wenzao. Waliozaliwa kwa shida wakakulia katika ufukara na vurugu ndio waliobaki nyuma zaidi. Nikisoma matokeo hayo, naona sababu ya hali ya mtoto haikufungwa siku aliyozaliwa. Bado inatengenezwa, na sisi tunaosimama mbele ya mtoto wa miaka 4 tukimhoji mama yake habari za kilio tumo ndani yake. Hili linanisumbua kuliko swali la nani alilala zamu, kwa sababu kesi ya mkunga inaweza kufungwa.

Binamu yangu ana miaka 9 sasa. Anasoma polepole, kwa kufuata mstari kwa kidole, na mwalimu wake wa mwaka huu anamsubiri.